Msumari wa Jetoni

Siku ya kuondoa matanga ya mume wangu, shemeji alikula, akanawa mikono, akaniomba ufunguo wa atelier, karakana ya marehemu. Hakungoja hata kitambaa cha kujifutia. Alininyooshea kiganja kinachodondosha maji, kama mtu anayengoja chenji yake.

"Leta," alisema. "Atelier ni ya ndugu yangu. Ndugu yangu hayuko. Donc ni yangu."

"Na batoto yake?" nikamuuliza. "Beba nabo pia. Mukubwa anakohoa, mudogo anakojoa ku kitanda. Nikufungie leo, ao utarudi kesho?"

Wageni wakachekea ndani ya sahani zao. Mama mkwe hakucheka. Tangu mazishi hakuwa amenielekezea neno hata moja uso kwa uso. Kila alichotaka kuniambia alikipitisha kwa mtu mwingine, hata tukiwa tumekaa meko moja, goti kwa goti. Siku ile alimgeukia jirani yake.

"Ambia uyu muke, mutoto yangu njo alikuwa fundi. Yeye alikuwa anauzisha tu bintu mu soko."

Ni kweli. Kabla ya kuolewa nilikuwa na meza ya vipuri katika soko la Butembo: kondensa, waya, transista, vya kuokota na vya kutoka Dubai, na sikuwa nikisema kipi ni kipi mpaka niulizwe. Mume wangu nilimpata pale pale mezani, akibishania bei ya transista moja. Bei hakuishinda, akashinda mengine. Baadaye tulijifunza pamoja kuandika programu, kwa kitabu kimoja. Yeye alisoma, mimi nikambishia, na mtu anayebishia kila sentensi huishia kuielewa. Halafu homa ikamchukua, na kitabu kikabaki kimefunguliwa.

Mwenye neno la mwisho katika ukoo ule alikuwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe. Alikuwa na depo ya maharage na kahawa kule Beni, na ndiye aliyeagiza mashine ambayo mume wangu alikufa kabla ya kuimaliza. Simu hatukuwa nazo. Barabara ya Butembo na Beni ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walibadilika: leo hawa wenye kofia, kesho wale wasio na kofia wala viatu. Mfanyabiashara ambaye asubuhi hakujua kama njia imefunguka, mchana hakuwa na lori. Phonie zilikuwepo, zile redio kubwa za kuongea mbali, lakini kusema kwenye phonie ni sawa na kusema sokoni, maana kila mwenye bunduki alikuwa na sikio. Kwa hiyo baba mkubwa alitaka kisanduku kidogo cha kukaa kando ya phonie yake, kipeleke na kupokea maneno ya kuandikwa, kijue chenyewe wakati wa kusema na wakati wa kusikiliza, na kisile batri kama askari wanavyokula kuku wa watu.

"Munyamaze," alisema sasa, na hata watoto wakanyamaza. "Mashini haijaisha. Siku ya soko, mu depo yangu ku Beni, ipokee neno ya kutoka Butembo. Neno atalitoa mama yenu, na mutu yeyote ku Beni asilijue mbele. Likifika nzima, funguo inabaki kwa uyu mama na batoto. Likikosa kufika, ao likifika vipandevipande, funguo ni ya shemeji yake." Akamgeukia shemeji. "Na wewe utamupatia kipande yako ya kazi."

Hapo nieleze kwa nini kazi ya fundi mmoja ilikuwa inalala katika nyumba mbili. Butembo ya miaka ile, mtu mwenye akili hakulaza kitu kizima mahali pamoja. Mwenye kinu cha kusaga alifungua mkanda wa mashine kila jioni akaupeleka kwa dada yake. Mwenye lori alitoa pampu ya mafuta akaizika chini ya mihogo. Waporaji wakija wanakuta miili isiyo na roho, wanatukana, wanaenda zao. Mume wangu aliigawa mashine yake hivyo hivyo: nusu ya programu kwangu, nusu kwa ndugu yake. Lilikuwa wazo zuri kwa waporaji wa nje. Wa ndani hakuwafikiria.

Moyo wa kisanduku ulikuwa chipu moja nyeusi, ndogo kama stempu. Nilipoipokea nilihesabu miguu yake mara mbili, kama nilivyohesabu kondensa zamani: mara ya kwanza kwa heshima ya muuzaji, mara ya pili kwa usalama wangu. Ndani ya chipu ile mlikuwa na vitu ambavyo zamani vingejaza meza. Kulikuwa na kifaa cha kupitisha maneno, ambacho sisi tulikiita serie. Kulikuwa na kifaa cha kupima muda. Kulikuwa na kifaa cha swichi, kinachoiamuru redio iseme au inyamaze. Juu yao hutawala kiini, programu ya chini kabisa ambayo vitabu vya Kifaransa huiita noyau, na kila kifaa kina pilote wake, yaani programu ndogo inayojua tabia za kifaa kile peke yake. Kwingine wanasema draiva. Kiini kikitaka kitu, kinamtuma pilote.

Sasa, kifaa unachokichomeka kwa nje, kikiwa na malezi, kinabisha hodi na kujitambulisha. Vilivyozaliwa ndani ya chipu havibishi. Ni kama wakwe: wamo humo humo nyumbani, hawasemi nawe, na ni juu yako kujua nani analala chumba gani. Ukikosea chumba, mashine inazimika bila kuaga. Kwa hiyo unakiandikia kiini kwa mkono wako: serie inakaa hapa, swichi inakaa pale, huyu akiwa na shida atapiga kengele hii. Kazi hiyo ilikuwa yangu, pamoja na pilote wa serie. Pilote wa swichi alikuwa wa shemeji.

Shemeji alikuwa fundi. Simwibii hilo. Mkono wake ulikuwa msafi kuliko wa marehemu, na redio aliyoigusa haikurudi tena kwa fundi. Tatizo lake lilianzia juu ya mkono. Alikuja atelier akanitupia disketi mezani. Nikaifungua kwenye ordinateri, yaani kompyuta, nikakuta pilote aliyekwisha kupikwa: maandishi yote yamegeuzwa kuwa namba za mashine, hakuna hata mstari mmoja wa kusomeka. Alikuwa amenipa bugali, unga akabaki nao.

"Unga iko wapi?" nikamuuliza.

"Unataka kula, ao unataka kusaga?"

"Bugali ikiwa na mawe, nitayatoa namna gani?"

"Yangu haina mawe," akasema, na akaangalia kuta za atelier kwa utulivu, moja baada ya nyingine, kama anayechagua pa kutundika kalenda.

Tulipanda lori moja kwenda Beni, yeye mbele kwa dereva, mimi juu ya magunia ya viazi vya Alimbongo. Kisanduku nilikuwa nimekificha ndani ya tumbo la redio-kaseti mbovu, kwa sababu mtu aliyekutwa na mashine isiyojulikana aliitwa mpelelezi kabla hajaulizwa jina. Kwenye barrière, ambayo ilikuwa kamba yenye matambara na askari walioichoka, mmoja akapanda juu ya viazi akagonga redio yangu kwa mdomo wa bunduki.

"Mama, oyo nini?" akauliza kwa Kilingala chao.

"Radio, chef."

"Inaimba?"

"Ilikuwa inaimba. Iko kama bwana yangu. Bote babili banyamaza."

Hakucheka. "Uko muke ya nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu dirisha la dereva. "Uliza shemeji yangu, iko mule mbele."

Askari akashuka. Nilisikia sauti ya shemeji, laini kama ya mtu anayeungama kwa padri: "Uyu? Simujue. Aliomba tu lifti."

Askari akapanda tena, sasa na hamu zaidi, maana mwanamke asiye na mtu ni soko lisilo na polisi. Akaikamata redio kwa mpini. Nikamwambia aichukue, mimi sina neno, ila ajue ilikuwa ikilia kando ya kitanda siku mwenyewe alipokufa, na tangu hapo kila aliyeiwasha amezika mtu. Akauachia mpini. Lakini askari hashuki mikono mitupu, hilo hata mtoto anajua, kwa hiyo tukajadiliana. Yeye alianza na kitenge, mimi nikaanza na kiazi. Tulikutana katikati, kwenye viatu vyangu. Nilimtazama akienda navyo, kimoja katika kila mkono, na kule mbele nikaona kiwiko cha shemeji kimetulia dirishani.

Kwetu Butembo mtu anavaa koti, Beni udongo unaunguza. Nilizijua tofauti hizo kwa nyayo.

Baba mkubwa alitupokea kwenye lango la depo. Akanitazama chini.

"Viatu iko wapi?"

"Biliingia jeshi, baba."

Akakohoa, na sikuweza kujua kama ni kicheko. Depo yake ilikuwa jengo refu la matofali, bila dirisha, na mlango mmoja wa bati nene. Ubavuni mwa mlango palikuwa na msumari mrefu. Kila mbebaji aliyeingia na gunia alitundika hapo jetoni yake, kipande cha bati chenye tundu, na akitoka anaichukua. Mlinzi hakufunga mlango mpaka msumari uwe mtupu. Sheria hiyo ilizaliwa siku risasi zilipolia sokoni, watu wakafunga mlango haraka wakakimbia, mbebaji mmoja akabaki gizani kati ya magunia mpaka walipothubutu kurudi. Hakufa, ila hakubeba tena. Tangu hapo wote walitundika, wazee kwa vijana. Wote isipokuwa jamaa ya mwenye depo. Hao waliingia na kutoka mikono mitupu, maana mtu hatundiki jetoni nyumbani kwa baba yake. Shemeji alipita pale kwenda kujichagulia gunia la kukalia, hata msumari hakuutazama.

Ofisi ilikuwa chumba cha pembeni, na humo mlikuwa na phonie na ordinateri ambayo marehemu aliwahi kuifunga kwa ajili ya kazi hii. Upande wa Butembo hakukuwa na mashaka. Kule mume wangu aliacha mashine kubwa ya zamani, nzima, na mwendesha phonie aliyeijua. Niliunganisha kisanduku, nikamweka pilote wangu, nikamweka pilote wa shemeji, nikaandika: BUTEMBO UKO? Sindano ya phonie ikapanda, ikashuka. Neno limeondoka. Punde spika ikalia kama nyenje. Hilo lilikuwa jibu la Butembo linafika, tunalisikia kwa masikio yetu. Kioo cha ordinateri kikabaki kitupu.

Nikarudia. Ikasema vizuri, haikusikia. Kisanduku kilikuwa kama mlevi kwenye harusi.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya gunia lake anachonoa meno. "Mudomo ni ya nani?" akauliza hewani. "Ni yangu. Mudomo inasema. Sikio ni ya nani?"

Kwa macho ya mtu yeyote, haki ilikuwa yake. Hata mimi nilianza kwa kujishuku. Nikapekua pilote wangu mstari kwa mstari, nikarudi tena kutoka chini kwenda juu, sikuona kitu. Ndipo nikafanya kama tulivyofanya sokoni mtu akileta redio mbovu: usiulize nini kimeharibika, ondoa kipande uone kama inapona. Nikamwondoa pilote wa shemeji ndani ya kiini. Kazi ya swichi nikaifanya kwa kidole changu, kwa kubonyeza kitufe cha phonie wakati wa kusema na kukiachia. Jibu la Butembo likaja kiooni, zima. Nikarudia kwa ajili yangu. Zima.

Nikafungua kitabu cha chipu. Kila kifaa ndani ya chipu kinaishi kwa mapigo, kama moyo. Ili batri isiliwe bure, mna malango madogo ya mapigo: pilote akimaliza kazi anafunga lango, kifaa chake kinalala, na batri inapumua. Vizuri sana. Ila aliyeichora chipu ile alikuwa bahili, nadhani ana ukoo Butembo, kwani serie na swichi aliziweka nyuma ya lango moja. Pilote wa shemeji alifungua akiingia, akasema neno lake, akatoka, akafunga. Mimi niko ndani, nimekaa kungojea jibu, na mapigo yamekatika. Hakutazama kama kuna mtu. Alifunga kama mtu anayejua yuko peke yake duniani.

Nilimweleza. Nilimweleza kwa adabu hata, na adabu yangu ni bidhaa adimu.

"Nipe unga," nikamwambia. "Ni mistari kidogo tu. Nitabadilisha pale unapofunga."

"Muke anasoma ukurasa moja, anasema amepata Biblia."

"Sisi ni jamaa moja."

"Njo maana jamaa itakutunzia atelier."

"Ku barrière haukunijua."

"Ata sasa sikujue," akasema, akahamisha kijiti upande wa pili wa mdomo.

Nilijaribu kupita kando yake. Nikamfundisha pilote wangu kuchungulia lango kila mara na kulifungua akilikuta limefungwa. Jibu likafika, lakini maneno ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kupotea mlangoni. Neno lisilo na kichwa. Baba mkubwa alikuwa amesema nzima.

Siku ya soko ikafika na joto lake. Baba mkubwa alivaa shati jeupe, akaweka kiti chake mbele ya ofisi, akasema mama yetu tayari yuko kwa mwendesha phonie kule Butembo, na kabla ya depo kufungwa jioni anataka kusikia. Shemeji alikuwa na disketi ya unga wake mfukoni mwa shati, juu ya moyo, nayo ilionekana. Aliiweka pale makusudi. Nilikuwa nimebaki na njia moja, kumwambia baba mkubwa, na nilijua nitakachojibiwa: sikio halisikii, mwenye sikio anamlaumu mwenye mdomo.

Nilikuwa bado napanga maneno niliposikia soko linabadilika sauti. Watu wa Beni wa miaka ile wanaijua. Kwanza kelele zinapungua, halafu kishindo cha miguu, halafu bati zinafungwa moja baada ya nyingine. Mtu anakimbia, hujui anakimbia nini, unakimbia. Wabebaji walichomoka ndani ya depo, kila mmoja akinyakua jetoni yake. Mlinzi akautazama msumari. Mtupu. Akasukuma bati, akatia kufuli, akajirusha nasi ofisini. Tukalala chini.

Haikuwa kitu. Askari wawili walikuwa wamegombania mbuzi, mmoja akapiga risasi juu, mbuzi akakimbia, soko likamfuata mbuzi. Tukainuka tukijipangusa vumbi. Ndipo bati la depo likaanza kulia kwa ndani.

"Fungula! Njo mimi! Fungula!"

Shemeji. Alikuwa ameingia kutafuta gunia laini zaidi.

Mlinzi akageuka rangi, akatoa funguo huku akiapa. "Baba, sikuona! Msumari ilikuwa mutupu, naapa, niliangalia!"

"Uliangalia muzuri," nikasema, nikajiweka kati yake na kufuli. "Baba mukubwa, mbele bafungule, hii njo ugonjwa ya mashini. Uliza mulinzi kama amekosa."

"Hajakosa," alisema baba mkubwa polepole.

"Mu chipu ile, mimi na shemeji tuko na mulango moja. Yeye anaingia bila jetoni, anatoka, anafunga. Haulizi nani amebaki ndani. Mimi niko ndani na jibu ya Butembo mukononi, giza inanikamata vile inamukamata yeye sasa. Sikio yangu ni nzima. Nataka tu kuweka musumari pale, kila pilote atundike, na mulango ufungwe na kiini peke yake, wakati musumari ni mutupu. Lakini pilote yake ameificha. Unga iko mu mufuko yake."

Nilimwona baba mkubwa anautazama msumari, halafu mlango. Kwa chipu hakuwa na habari, lakini mlango ule aliujua, na aliyelia nyuma yake zamani alimjua kwa jina.

"Wewe!" akaita. "Jetoni yako iko wapi?"

"Baba, mimi si mubebaji!" sauti ikajibu. "Iko panya humu!"

"Patia mama ile kintu."

"Baba, tufungule kwanza, tutaongea."

Hapo nikaingia mimi, maana biashara ya mlangoni ndiyo niliyozaliwa nayo. Nikapiga magoti, mdomo kwenye ufa wa chini. "Shemeji yangu. Unanijua leo?"

"Ninakujua."

"Mimi ni muke ya nani?"

"Ya ndugu yangu. Fungula, mwanamuke!"

"Pitisha unga hapa chini."

Ufa ulikuwa mwembamba. Disketi ikatokea, kona kwanza, kama ulimi. Nikaivuta, nikaipangusa kwa kitenge.

"Na ya pili."

"Ya pili gani?"

"Mutu ya Butembo habebe kintu moja bila kivuli yake. Ya kwanza ni ya kumupatia muke. Ya pili njo nzima."

Nyuma yangu baba mkubwa alikohoa tena, na safari hii nilijua. Disketi ya pili ikapita. Mlinzi akafungua. Shemeji akatoka na vumbi la maharage mpaka kwenye kope, akatupita wote bila kusema, na akaenda kusimama juani.

Ya kwanza, kwa taarifa, ilikuwa tupu.

Kuandika msumari hakukuwa kazi ndefu. Niliweka ndani ya kiini mlinzi mmoja wa lango. Hakuna pilote anayegusa lango tena: akiingia anasema nimeingia, akitoka anasema nimetoka, na mlinzi anafunga hesabu ikirudi sifuri. Unga wa shemeji ulikuwa msafi, nilijua tu. Nilifuta pale alipofunga, nikaandika pale anapoaga. Nikapika upya, nikawasha. Kisanduku kikasema, kikasikia, lakini sindano ya batri ikaanza kuteremka: lango halikufungwa hata tulipokwisha kutoka wote. Nikatafuta, nikakuta pilote wangu mwenyewe ametundika jetoni mbili akiingia, akachukua moja akitoka. Tabia yangu imeniandikia programu. Nikafuta moja, kwa uchungu. Sindano ikatulia.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabati. Wabebaji, mlinzi, wenye maduka ya jirani, wote walikuwa wamejazana mlangoni mwa ofisi. Shemeji alisimama nyuma yao. Nikaandika: BUTEMBO TUKO TAYARI. MAMA ASEME. Sindano ikapanda, ikashuka. Tukangoja. Nyenje wakalia kwenye spika, na herufi zikaanza kutembea kiooni, moja moja, bila haraka, kama mama mkwe mwenyewe akija kanisani.

"Soma," alisema baba mkubwa. "Kwa sauti. Kichwa mpaka mukia."

Nilisoma.

"AMBIENI UYU MUKE ATA MASHINI ISEME NAYE MIMI SISEME NAYE. NA ARUDISHE SUFURIA YANGU KUBWA."

Hakuna aliyecheka kwanza. Halafu kutoka nyuma sauti ya shemeji, ameshajisahau: "Ni mama kabisa uyo."

Chumba kikapasuka. Baba mkubwa alicheka mpaka akashika kiti. Mimi nilirudi kiooni nikahesabu maneno, nikahesabu tena. Halikupungua hata moja. Kila tusi limevuka barrière zote na kufika na viatu vyake miguuni.

"Funguo ni yako," alisema baba mkubwa alipopata pumzi. Akamwita shemeji kwa kidole, akamwonyesha msumari, na mlinzi akaagizwa kumkatia jetoni. Shemeji aliipokea. Hakunisalimu siku ile, wala hajanisalimu tangu hapo. Hata hivyo kwenye barrière za kurudi alisema mimi ni mke wa ndugu yake kabla hajaulizwa.

Nilifungua atelier asubuhi ya kwanza baada ya kurudi Butembo, nikabeba sufuria kubwa hadi kwa mama mkwe. Aliipokea, akachungulia ndani, akaigeuza chini juu, akamtafuta jirani kwa macho.

"Muulize uyu muke," akasema, "kifuniko yake iko wapi."